Turbo Haifi Bure

"Hii ya mwanzo iliuliwa na nini?"

Ami aliuliza akiwa amesimama mlangoni mwa ua wetu, Fuoni, baada ya alasiri, mikono kaifunga nyuma. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tumeshaipandisha gari yangu, Subaru Forester, juu ya stendi. Boneti wazi, intakula, kile kipoza hewa, imelazwa juu ya mkeka mkuukuu, na turbo mpya, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini na kuisukumia injini hewa, imo ndani ya boksi lake, midomo yote imezibwa kwa plastiki. Tulikuwa na haraka. Tulitaka ile ya zamani itoke kabla ya magharibi.

Nikamjibu kwamba imekwisha. Turbo huwa zinakwisha.

"Sikukuuliza kama imekwisha, mwanangu. Nimekuuliza imeuliwa na nini."

Wiki nyingi zimepita tangu siku ile. Gari inakwenda, turbo inapuliza, na swali lile bado linanirudia nikiwa njiani, nikiwa kitandani, nikiwa barazani nasikiliza watu wakizungumza habari za magari. Naliandika hapa kwa sababu sidhani kwamba linahusu gari yangu peke yake.

## "Usichukue ya turbo"

Ukisema tu kwamba unataka kuagiza gari Japani, hapa Unguja utapewa ushauri kabla hujauomba: usichukue ya turbo. Inakula mafuta, inakufa, na ikishafa ndiyo umeingia gharama. Wanaosema hivyo ni watu ninaowaheshimu, wameendesha magari tangu mimi sijazaliwa, na kila mmoja ana mfano wake wa kweli.

Hata mimi nina wangu. Turbo iliyokuja na gari ilianza kupiga mluzi, ukaja moshi wa buluu, kisha ikafa. Gereji moja ikanifungia nyingine iliyotumika. Nayo ikapiga mluzi ule ule, ikafa kwa muda mfupi kuliko ya kwanza.

Ya kwanza unaweza kusema uzee.

Ya pili?

Ami alifanya kazi chumba cha mashine, melini, mpaka alipostaafu. Akikaa barazani akasikia turbo zinalaumiwa, huuliza jambo moja tu: mnavukaje kwenda Dar? Maana kila anayepanda boti ya kasi pale bandarini Malindi, awe anakwenda Dar es Salaam au Pemba, anavushwa na turbo. Dizeli za boti zile zisingeweza kutoa nguvu ile kwa uzito ule bila turbo. Na baharini turbo si mgeni. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza yake mwaka 1905, na katika miaka ya 1920 ikaanza kufungwa kwenye dizeli za meli za abiria za Ujerumani. Gari ndogo za kuuzwa kwa watu zilisubiri mpaka 1962, Chevrolet na Oldsmobile walipozitoa Marekani.

Basi kwa nini za melini zinaishi maelfu ya saa, na zetu zinakufa kabla hujamaliza kuzilipia?

Ami anasema melini joto la moshi linaandikwa kwenye daftari kila zamu. Oili huchukuliwa kidogo kwenye kichupa, ikapelekwa kupimwa kama imeingia chuma, maji au dizeli. Kila turbo inajulikana imefanya kazi saa ngapi. Hakuna anayengoja mluzi.

## Kwa nini kubwa zaidi

Bi mkubwa alipoona boksi limefika aliuliza swali ambalo wengi mtaliuliza. Unguja yenyewe ina urefu wa kilomita 85 hivi, barabara imejaa matuta na maaskari, unakimbilia wapi?

Sina jibu la kumridhisha. Naipenda kazi hii. Napenda kujua kila bolti ya gari yangu, na napenda namna injini inavyovuta ukikanyaga ukiwa unatoka nyuma ya lori la mchanga. Hilo kwangu linatosha.

Lakini ipo sababu ya kifundi pia, na watu huikosea. Gari yangu ni Forester SG5 ya lita 2, nguvu farasi 220 kwa makaratasi ya Japani, na turbo yake ya kiwandani ni TD04 ya Mitsubishi, ndogo, inayoamka mapema. Niliyoinunua ni VF39 ya IHI, iliyokuwa ikifungwa kwenye Subaru Impreza STI za lita 2.5 zilizouzwa Marekani. Wengi hudhani turbo kubwa maana yake ni presha kubwa. Faida yake kwangu ni joto. Hewa ya digrii 30, ambayo kwetu ni hewa ya kawaida ya mchana, ikibanwa mpaka presha yake iwe maradufu hutoka ikiwa imepita digrii 100. Turbo ndogo ikilazimishwa kupita kipimo chake huipasha zaidi bila kuongeza hewa ya maana. Kubwa inafanya kazi ile ile bila kujikamua. Na intakula ya Subaru imekaa juu ya injini, kwa hiyo ukikwama kwenye foleni ya Mwanakwerekwe saa nane mchana, nayo inachemka pamoja na injini. Kila digrii inayopunguzwa mapema ina thamani.

Kwa kuwa nilikuwa nanunua turbo ya tatu kwa vyovyote, nikaona ninunue inayofaa zaidi.

## Chumvi

Nitapita haraka hapa, ingawa kazi yenyewe haikupita haraka. Ekzosi imefungwa kwenye turbo hii kwa nati tano upande wa kutokea moshi na tatu upande wa kuingilia, na kila moja imeshanyweshwa upepo wa bahari kwa miaka. Tulizimiminia mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia, na tena asubuhi. Ukiiweka spana, ikaze kidogo kwanza, ndipo ulegeze. Ikikataa, ipashe moto, iache ipoe, rudia. Stadi moja, bolti isiyo na kichwa, ilikatika hata hivyo, ikabidi itobolewe na kuwekewa nyingine.

Anayekwambia kazi hii ni ya saa tatu hajaifanya pwani.

## Ami anaikagua

Turbo ilipotoka, ami alivua saa, akakunja mikono ya kanzu, akaichukua.

Alishika feni ya upande wa hewa kwa vidole viwili, akaisukuma juu na chini. Ilicheza mpaka ikagusa ukuta wa ganda lake. Akaivuta mbele na nyuma, ikacheza pia. Kisha akamulika mapanga, moja baada ya moja, bila haraka yoyote, na magharibi inaingia. Kingo zilikuwa zimesagika zote kwa kiasi kimoja. Akatuonyesha: turbo iliyomeza nati au jiwe huwa na panga lililopinda au lililong'oka. Hii haikumeza kitu. Imejisaga yenyewe kwa sababu shafti imelegea.

Baada ya isha tukaifungua kabisa. Karibu na bushi zinazoishikilia, shafti ilikuwa imegeuka rangi, buluu iliyokolea, kama chuma kinavyogeuka kikipata moto kupita kiasi. Bushi zenyewe zilikuwa zimekwaruzwa mzunguko mzima.

Turbo ya aina hii haina beringi za gololi. Shafti yake inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na upande mmoja inapigwa na moshi wenye joto linaloweza kupita digrii 800. Oili ndiyo inayoibeba, na ndiyo inayoipoza. Ikikatika kwa sekunde chache, chuma kinagusa chuma.

"Hii imekufa kwa kiu," ami akasema.

Mdogo wangu akachomoa dipstiki. Oili ilikuwa imejaa.

Pale ndipo haraka yetu ilipokwisha. Gari ina oili ya kutosha, na turbo mbili zimekufa kwa kuikosa.

## Bolti yenye wavu

Oili hupanda kwenda kwenye turbo kwa bomba jembamba la chuma. Pale bomba linapoanzia, nyuma ya injini upande wa dereva, limefungwa kwa bolti yenye tundu katikati. Katika injini nyingi za turbo za Subaru za miaka ile, ndani ya tundu hilo mna wavu mdogo, haufiki ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Kazi yake ni kuzuia uchafu usifike kwenye bushi. Kuufikia ni tabu. Mkono unaingia kwa shida na jicho haliingii kabisa. Ndiyo maana wengi hawaugusi.

Niliitoa bolti kwa kupapasa, nikaielekeza kwenye taa ya simu.

Mwanga haukupita.

Wavu ulikuwa umezibwa na oili iliyoungua, nyeusi na ngumu, na ndani yake punje ndogo zenye rangi ya shaba. Punje zile zimetoka kwenye bushi. Kwa hiyo turbo ya kwanza ilipoanza kufa iliacha uchafu ndani ya injini, na uchafu ule ukasaidia kuinyima oili turbo ya pili.

Na bolti haikuwahi kufunguliwa. Bolti iliyopita spana huwa na alama kichwani, na washa zake za shaba huwa mpya. Hii ilikuwa na kutu moja tu iliyotanda kichwa kizima, kutu ya tangu gari haijafika kisiwani. Aliyefunga turbo ya pili aliunganisha upande wa juu, akawasha gari, akasikia inapuliza, akaniita nije nichukue.

Turbo ya tatu ilikuwa inangoja kwenye boksi, ifungwe kwenye bomba lile lile.

## Wavu ubaki au utoke?

Hapa nilikwama, na sikukwama peke yangu, kwa sababu hata mafundi wanaozijua vizuri injini hizi hawakubaliani.

Wapo wanaoutoa wavu wakautupa. Hoja yao ina nguvu: oili imeshapita kwenye filta kubwa, wavu wa pili wa nini? Ukiziba unaua turbo. Usipokuwepo hauwezi kuziba. Wapo wanaosema uwekwe mpya na ubadilishwe, kwa sababu filta kubwa ina vali inayofunguka oili ikiwa nzito au filta ikiwa imejaa, na hapo uchafu unapita bila kuchujwa. Nami injini yangu ilikuwa imeshakunywa shaba ya turbo mbili.

Kwa hiyo kabla ya kuamua habari ya wavu ilibidi nijue kilichomo ndani ya injini, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Punje zikishafika kwenye beringi za krenki, ile shafti kuu ya injini, turbo ndiyo hasara ndogo.

Tukaifungua filta ya oili. Nilikuwa nimeshashika msumeno wa chuma, ami akanizuia: msumeno unaacha unga wa chuma, halafu utakaa unajiuliza unga ule ni wa injini au wa msumeno. Tukaikata kwa kisu cha kufungulia makopo, tukaitandaza karatasi yake juu ya kitambaa cheupe, tukapitisha sumaku. Sumaku haikuokota kitu. Shaba ilikuwepo, punje za kuhesabika. Havikuwepo vipande vyembamba vyenye rangi ya fedha vinavyotoka kwenye beringi za krenki. Tukaishusha na sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, kazi inayotaka injini iinuliwe kidogo kutoka kwenye mipira yake, tukaisafisha, na bomba la kunyonyea oili tukalikagua kila upande, maana kwa injini hizi bomba hilo linajulikana kwa kupasuka.

Nikaamua wavu ubaki, lakini mpya, na bomba jipya, na washa mpya kila mahali. Oili nyepesi ya 5W-30 badala ya ile nzito tunayoipenda hapa kwa sababu ya joto. Oili nzito inachelewa kupanda asubuhi, na asubuhi ndipo shafti inapoingoja. Na kuimwaga mapema, nusu ya kilomita nilizozoea. Sisemi kwamba wanaoutoa wavu wamekosea. Mwenye injini safi na historia anayoijua ana haki ya kuamua vingine. Mimi historia ya gari yangu kabla ya kuteremshwa bandarini siijui, na mashaka yale ndiyo yaliyoamua.

## Kufunga

VF39 inakaa pale pale ilipokaa TD04, lakini mdomo wa kuvutia hewa ni mpana zaidi, kwa hiyo mpira wa zamani hauingii. Ulishafika mwingine pamoja na turbo. Mabomba ya oili na ya maji yalitaka kupindwa kidogo. Tuliosha intakula, ambayo ilikuwa na oili ya turbo iliyokufa, na kuiacha ikauke. Hatukupaka silikoni popote karibu na njia ya oili, kwa sababu silikoni ikimeguka ndiyo itakayoziba kesho.

Kabla ya kuwasha, nilimimina oili safi ndani ya turbo, nikachomoa waya wa sensa ya krenki ili injini izunguke bila kuwaka, na mpira wa kurudishia oili nikauelekeza kwenye chupa. Mdogo wangu akapiga stata kwa vipindi vifupi. Mara ya kwanza chupa kavu. Tukaiacha stata ipoe. Tukarudia.

Ilipoanza kutiririka oili kwenye chupa ile ami alisema alhamdulillahi, akaenda zake kuswali.

## Kompyuta haina habari

Naomba anayefikiria kufanya kazi hii asome sehemu hii mara mbili.

Kompyuta ya gari haijui kwamba turbo imebadilika. Inapima hewa, inatoa petroli kwa hesabu iliyofundishwa kiwandani, na hesabu ile ina kikomo, kama zilivyo na kikomo nozo zinazopulizia petroli na pampu yake. Hewa ikizidi na petroli ikabaki ile ile, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, pistoni zinapigwa nyundo kutoka juu, na hivyo ndivyo injini zinavyonoki wiki ya kwanza ya turbo mpya. Halafu inalaumiwa turbo. Kibaya zaidi, gari hizi zilipangwa kwa petroli ya hali ya juu ya Japani, yenye oktani karibu 100.

Kwa hiyo gari ilikaa uani. Nikabadilisha nozo na pampu, nikafunga sensa inayosoma uwiano wa hewa na petroli kwa upana. Ukienda taratibu, uwiano ni 14.7 ya hewa kwa 1 ya petroli. Turbo inapojaza, unataka karibu na 11, kwa sababu petroli ya ziada inapoza. Mtyuni, fundi anayepanga upya hesabu za kompyuta ya gari, yuko Dar. Ananitumia faili, naliingiza kwa laptopu kupitia plagi iliyo chini ya dashibodi, naendesha barabara ya Tunguu baada ya alfajiri njia ikiwa tupu, gia ya tatu, mvuto mmoja tu, narekodi, namrudishia. Yeye anatazama kama kompyuta imesikia kugonga kokote na imerudisha nyuma moto wa plagi kiasi gani.

Nilimwomba jambo ambalo alisema wateja wake hawamwombi: presha ibaki chini ya uwezo wa turbo. Akaniuliza kwa nini nilinunua kubwa. Nikamweleza habari ya joto, akaelewa.

## Nani analipia swali?

Sasa narudi kwenye lile linaloninyima usingizi.

Fundi aliyenifungia turbo ya pili si mjinga wala si mwizi. Bei tuliyokubaliana ilikuwa ya kufunga turbo, na turbo aliifunga. Hakuna mahali kwenye bei ile palipoandikwa kutafuta kilichoiua ya kwanza. Angetumia nusu siku kupapasa nyuma ya injini, akafungua bolti, akakata filta, nusu siku ile angeilipa yeye. Na kama angenidai, watu barazani wangesema fundi huyu anadai pesa ya kutazama.

Tunalipia kitu kinachoonekana mkononi. Spea ina boksi. Sababu haina.

Siku moja nilimwuliza ami kwa nini watu wa melini wao huuliza. Nilitegemea aniambie habari ya elimu au nidhamu. Akasema wao wanalipwa mshahara. Saa anayotumia kusoma daftari na saa anayotumia kufungua mashine ni mshahara ule ule, kwa hiyo hana sababu ya kuikimbilia spana. Na meli ikizima katikati ya mkondo wa Pemba naye yumo ndani.

Jibu hilo limebadilisha namna ninavyowatazama mafundi wetu. Tumewapanga wenyewe walipwe kwa kubadilisha, kisha tunashangaa wanabadilisha. Angalia pampu za visima mitaani: mota inaungua, inanunuliwa nyingine, inaungua, na hakuna aliyeleta mita kupima umeme unaofika pale kama unatosha. Anayeleta mita atalipwa na nani?

Kuna kinachonitia shaka hata hapo. Mtu mwenye gari ya kutafutia riziki, inayotakiwa barabarani kesho asubuhi, hawezi kulipa nusu siku ya kutafuta na bado akalipa spea. Siwezi kumwambia alipe mara mbili. Lakini mimi nililipa turbo mara mbili, na bolti yenye wavu mpya, pamoja na washa zake, ilikuwa kitu kidogo kabisa kwenye hesabu nzima ya kazi hii.

Kijana mmoja fundi wa jirani, mwangalifu, nimekubaliana naye jambo. Gari yangu ikiwa na tatizo namlipa kwanza siku ya kutazama, bei yake mbali, na aniandikie kwenye karatasi alichokiona. Kubadilisha ni mazungumzo mengine. Mwanzoni alidhani namtania. Karatasi ya kwanza aliyoniandikia ilikuwa na mistari minne, na mstari wa tatu ulinionyesha mpira wa maji unaoanza kuvimba, ambao nilikuwa napita juu yake kila siku.

Sasa jirani yetu mwingine ana Subaru Legacy ya turbo, nayo imeanza mluzi. Ameshapata mtu wa kumletea turbo iliyotumika. Nimemwomba kabla hajatoa pesa amwite kijana yule Jumamosi, afungue bolti na kukata filta, alipwe siku yake hata asipobadilisha kitu. Akaniuliza, na asipokuta kitu je? Nikamwambia amlipe vile vile.

Bado anafikiria. Nimemwomba asiiwashe gari mpaka aamue.